Panya Buku na Hewa Isiyonuka

"Mjomba, gari la taka likishaondoka, taka zetu zinakwenda wapi?"

Swali zuri hilo! Watu wazima wengi wa mji huu wa Morogoro hawaliulizi. Wakishaburuta kiroba mpaka barabarani na kulipa ada ya taka, kwao habari imekwisha. Wewe unataka kujua habari inaishia wapi. Njoo ukae hapa. Waite na wenzako. Yule mdogo mwambieni amalize kwanza embe lake, asije akanipaka shati.

Sasa basi. Swali litajibiwa, lakini sitalijibu mimi. Atalijibu panya.

"Panya?"

Panya buku. Mnamjua. Yule mkubwa, mwenye mkia mrefu unaomalizikia kwa rangi nyeupe. Mashavuni ana vifuko vya kubebea chakula. Uzito wake unaweza kupita kilo moja. Mchana analala, usiku anatoka. Macho yake ni hafifu. Lakini pua yake, wapwa zangu! Pua yake imeifanya Morogoro ijulikane mpaka Ulaya.

Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, kuna shirika liitwalo APOPO. Tangu mwaka 2000 wanafundisha panya buku kunusa. Wengine wananusa mabomu yaliyozikwa ardhini wakati wa vita. Wengine wananusa makohozi ya wagonjwa, watambue kifua kikuu. Panya mmoja anamaliza sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Mtaalamu mwenye hadubini angehitaji siku kadhaa. Na panya akipatia, analipwa ndizi.

"Ndizi tu?"

Ndizi tu, na wala halalamiki. Alikuwapo mmoja jina lake Magawa. Alizaliwa hapa Tanzania mwaka 2013, akafundishwa, akapelekwa Kambodia. Huko alifichua mabomu na baruti zaidi ya 100. Mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza. Alikufa Januari 2022, ameshastaafu, ametulia.

Panya wetu wa leo si Magawa. Ni binamu yake wa mbali, ambaye shule hakwenda. Anaishi kwenye shimo, ukingoni mwa dampo. Jina lake ni Buku. Na kila akikutana na mtu, hata kama hajaulizwa, lazima aseme: "Sisi ni ukoo wa pua."

Basi usiku mmoja wa masika Buku akatoka shimoni. Mvua ilikuwa imekatika jioni. Dampo lilikuwa linatoa mvuke. Kulikuwa na viroba vimepasuka, nepi za watoto, majivu, chupa za maji, vichwa vya dagaa, ukoko wa ugali, na majani ya kabichi, mengi mno, yale ya nje ambayo wauzaji huyabandua sokoni. Buku akaanza kuchakura. Mara akasikia sauti chini ya mguu wake.

"Ondoka juu yangu."

Lilikuwa ganda la ndizi. Nusu yake ilikuwa nje, nusu imefukiwa. Lilikuwa limeshakuwa jeusi, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Samahani," Buku akasema. "Sisi ni ukoo wa pua."

"Nimesikia," ganda likasema. "Kama ni kweli, ninusie. Niambie ni nini kinachotoka kwenye lundo hili."

Buku akanusa. Akanusa tena.

"Yai viza," akasema.

"Ndiyo."

"Samaki. Nepi. Kandambili iliyoungua. Kabichi ya Mgeta, imeoza juzi."

"Ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Lakini umekiacha kimoja. Kikubwa kuliko hivyo vyote."

Buku akanusa. Akanusa tena. Akasimama kwa miguu miwili, masharubu yakamcheza.

"Hakuna kingine," akasema.

"Kipo. Kinapita puani mwako sasa hivi."

"Mjomba, ganda linamdanganya!"

Halimdanganyi. Vizuri kwamba umeshuku, usiamini kila kinachosemwa na maganda. Lakini safari hii ganda linasema kweli. Kitu chenyewe kinaitwa methani. Ni hewa. Haina rangi, hivyo huioni. Haina harufu, hivyo hata panya buku haisikii. Ule uvundo wa dampo unatokana na hewa nyingine zinazotoka pamoja nayo. Methani yenyewe inapita kimya.

Usidhani ni kitu kigeni. Gesi inayochimbwa Songo Songo kule Kilwa, inayozalisha umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004, sehemu yake kubwa ni methani hiyohiyo. Na gesi ya mtungi ya mama yako jikoni ni ndugu yake methani, nayo kwa asili haina harufu. "Mbona inanuka?" Inanuka kwa sababu watu wenye akili wameitia harufu makusudi, ili ikivuja mama ajue, afungue madirisha. Sasa nani ametia harufu kwenye methani ya dampo? Hakuna. Ndiyo maana watu wanapita, wanaziba pua kwa ajili ya yai viza, na wanadhani wameshajikinga.

Turudi kwa Buku. Alikuwa amenuna.

"Nieleze basi," akasema. "Inatoka wapi hiyo hewa?"

"Inatoka kwangu," ganda likasema.

Na likaanza kusimulia maisha yake. Sikilizeni, maana ni habari ya mlima wetu huu wa Uluguru.

"Kabla sijawa ganda," likasema, "nilikuwa hewa. Nilikuwa hewa ukaa, naelea juu ya Uluguru, sina kazi. Siku moja nikapita karibu na mgomba kule Kinole. Jani lake likanivuta. Jani lilikuwa na jua, lilikuwa na maji kutoka mizizini, na sasa lilikuwa na mimi. Likatupika sote pamoja. Nikawa mgomba, nikawa mkungu, nikawa ndizi. Mama mmoja akanikata, akanitwika kichwani, akateremka nami njia ya utelezi mpaka kwenye gari. Nikafika Soko la Chifu Kingalu. Nikanunuliwa, nikapelekwa Kihonda. Mtoto akala ndizi yote, akaramba na vidole. Nilifurahi. Halafu akanitia kwenye kiroba."

"Kosa lake ni nini?" Buku akauliza.

"Subiri. Ndani ya kiroba nilikuta chupa, nepi, majivu na betri ya redio. Tukafungwa pamoja. Gari likaja, likatuleta hapa. Likatumwaga. Kesho yake likaja lingine, likamwaga mengine juu yetu. Na lingine. Na lingine. Sasa mimi sipati hewa kabisa, isipokuwa huu upande ulioukanyaga."

"Kwani ganda linahitaji hewa?"

Nashukuru kwamba Buku aliuliza, maana na mimi zamani nilikuwa sijui. Ganda halihitaji hewa. Wanaoihitaji ni wale wanaolila.

Vitu vyote vinavyooza vinaliwa. Wanaovila ni vijidudu vidogo sana, huwaoni kwa macho. Nendeni msitu wa Uluguru, kule juu kwenye hifadhi. Majani yanaanguka mwaka mzima, lakini msitu haujajaa majani mpaka vileleni. Kwa nini? Yanaliwa. Kuoza si ubaya. Bila kuoza mlima ungekuwa umezikwa na majani yake wenyewe.

Lakini vijidudu viko vya aina mbili. Vya kwanza vinafanya kazi mahali penye hewa. Vinalila ganda taratibu na kutoa hewa ukaa, ile ile iliyovutwa na mgomba kule Kinole. Ilitoka angani, imerudi angani, deni limelipwa. Vya pili havitaki hewa hata kidogo. Vinapenda mahali palipofukiwa, palipolowa, palipobanwa. Navyo vinalila ganda. Lakini vikishakula vinatoa methani.

Mmeona? Ganda ni lile lile. Ndizi ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali lilipowekwa.

"Mjomba, na chupa ya plastiki inatoa methani?"

Hapana! Nimefurahi umeuliza, kwa sababu watu wengi wanakosea hapo. Chupa ina maovu yake, tena si madogo. Inaziba mitaro, inaelea Mto Morogoro, inaingia Ngerengere, na Ngerengere unaingia Ruvu, ambao maji yake yananywewa Dar es Salaam. Lakini ukiifukia dampo inabaki chupa, miaka na miaka, haitoi methani. Kinachotoa methani ni kile ambacho hakuna anayekiogopa. Ganda la ndizi. Ukoko. Majani ya mchicha. Na vitu hivyo vinavyooza ndivyo vilivyo vingi. Kwa miji yetu ya Tanzania ni zaidi ya nusu ya taka za nyumbani. Mimi naona kampeni za usafi zimeisema chupa vya kutosha. Ganda limesahauliwa.

"Lakini methani ina ubaya gani, kama hainuki?"

Ehe. Hapo ndipo palipo na kazi. Nenda jikoni, niletee lile kawa la ukindu ambalo bibi yako anafunikia chakula.

Liangalie. Limesukwa, lakini lina vitundu. Bibi akifunika ubwabwa, mvuke mwingine unapita, mwingine unabaki. Ubwabwa unakaa na uvuguvugu mzuri. Sasa dunia nayo imefunikwa kawa. Kawa lake ni hewa. Jua linaipasha dunia joto, na dunia inalirudisha joto hilo juu, mchana na usiku. Hewa fulanifulani, kama hewa ukaa na mvuke wa maji, zinazuia kiasi cha joto lisitoroke lote. Ni jambo jema hilo! Bila kawa, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Uluguru nzima ingekuwa barafu. Hakuna ndizi, hakuna panya, hakuna mjomba.

Taabu inaanza watu wanapoziba vitundu. Makaa ya mawe, petroli, misitu inayochomwa, vyote vinaongeza hewa ukaa, na kila ikiongezeka kitundu kimoja kinazibwa. Ubwabwa unazidi joto. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote tangu watu waanze kupima. Na joto likizidi, mvua zinachanganyikiwa. Zinachelewa, halafu zinakuja kwa pupa. Mkulima wa Matombo anatazama juu, hajui apande au angoje.

Methani nayo inaziba vitundu. Tena inaziba kwa nguvu. Kilo moja ya methani, ukiihesabu kwa miaka 20, inazuia joto sawa na zaidi ya kilo 80 za hewa ukaa.

"Themanini!"

Themanini na zaidi. Kwa hiyo ganda lililooza penye hewa na ganda lililooza chini ya lundo hayana uzito mmoja, hata kama yametoka kwenye mkungu mmoja.

Lakini methani ina jambo moja zuri, na watoto ndio wanaopaswa kulijua kuliko wazee. Haidumu. Hewa ukaa inaweza kukaa angani mamia ya miaka. Methani, baada ya miaka 12 hivi, iliyo nyingi imeshavunjikavunjika. Maana yake ukipunguza leo, huna haja ya kungoja wajukuu. Wewe mwenyewe utakuwa hujaota mvi, na kawa limeanza kufunguka.

"Mjomba, kwani ni sisi tulioiunguza dunia?"

Hapana, mpwa wangu. Asije mtu akakubebesha mzigo huo. Ukichukua hewa ukaa yote inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe ya Tanzania, ukaigawa kwa watu wetu, kila mmoja hafikishi hata nusu tani kwa mwaka. Mmarekani mmoja anapita tani 13. Waliounguza wanajulikana. Wao wana deni lao, na walilipe.

Ila dampo ni letu. Hilo hatuwezi kulipeleka Marekani. Kati ya methani yote inayotokana na shughuli za watu duniani, kama sehemu moja ya tano inatoka kwenye taka na maji machafu. Na miji yetu inakua mbio. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Manispaa ya Morogoro ina watu zaidi ya 315,000. Ile ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya 470,000. Kila mmoja wao anakula ndizi.

Tumwache kidogo Buku anune, kwa sababu naona mkono umenyooshwa kule nyuma.

"Mjomba, si tuzichome?"

Watu wanachoma. Jioni pita Mji Mpya au Chamwino utaona moshi. Lakini wewe umewahi kuchoma ganda bichi? Haliwaki. Linafuka tu, na chupa na nepi zinazowaka pembeni yake zinatoa moshi mweusi wenye sumu. Moshi ule unaingia kifuani mwa bibi aliyekaa barazani. Na masizi yake nayo yanapasha hewa joto. Kuchoma tukuache.

Buku sasa amepata swali. Amekaa, amejikuna, akauliza:

"Kama haionekani wala hainuki, watu walijuaje kwamba ipo?"

"Wana macho angani," ganda likasema. "Wamerusha setilaiti. Kuna mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Methani inaumeza mwanga huo. Setilaiti inapita juu, inatazama chini, inaona hapa mwanga umepungua, inajua hapa kuna methani. Wazungu wa Ulaya walirusha mojawapo mwaka 2017. Madampo makubwa ya dunia yanaonekana kutoka huko."

Buku akatazama juu, ingawa macho yake hafifu hayakuona kitu.

"Huyo setilaiti akipatia," akauliza, "nani anampa ndizi?"

Ganda likacheka mpaka likapasuka.

"Sikiliza," Buku akasema, "mimi najua kuchimba. Nikichimba mashimo mengi, hewa itaingia. Vile vijidudu vya aina ya kwanza vitapata kazi."

"Dampo zima? Wewe peke yako?"

"Nitaita ukoo."

Msimcheke. Wazo lake si la kipuuzi. Dar es Salaam wamefanya jambo linalokaribia hilo, ila wao hawakuingiza hewa, walitoa gesi. Dampo la Mtoni, kule Temeke, lilifungwa mwaka 2007. Lakini dampo likifungwa halinyamazi, linaendelea kutoa methani miaka mingi. Kwa hiyo wakachomeka mabomba chini, wakaivuta methani, wakaichoma. Ikichomwa inageuka hewa ukaa. Bado si nzuri, lakini kumbuka ile themanini.

Ni kazi ya gharama, na inafanywa baada ya ganda kufukiwa. Mimi napenda zaidi ile ya Mabwepande, wilaya ya Kinondoni. Dar es Salaam ina urafiki na mji wa Hamburg wa Ujerumani tangu mwaka 2010, na katika urafiki huo kikajengwa kiwanda cha kutengeneza mboji. Taka za masokoni zinapelekwa pale kabla hazijaenda dampo. Zinarundikwa, zinageuzwa, zinapata hewa. Zinatoka zikiwa mbolea. Hakuna muujiza wowote ndani yake. Ni kazi ya sepetu na kusubiri. Na Morogoro yetu, yenye soko kubwa na mlima mzima unaoteremsha ndizi, kabichi na karoti kila kukicha, sioni kwa nini tusiwe na kiwanda cha kwetu kikubwa, tena chuo cha kilimo kiko hapa hapa.

Lundo lisilotunzwa lina balaa nyingine pia. Tarehe 10 Agosti 2024, karibu na Kampala, dampo la Kiteezi liliporomoka baada ya mvua na kufukia nyumba. Watu zaidi ya 30 walikufa, na miongoni mwao watoto. Hilo nimelisema haraka kwa sababu ninyi bado wadogo, lakini mkikua msilisahau.

Haya. Ganda likamwambia Buku: "Mimi nimeshachelewa. Nimefukiwa. Lakini wako wenzangu ambao bado wako jikoni, juu ya meza, hawajatiwa kwenye kiroba. Nenda kawaambie."

Buku akaenda. Usiku ule ule akavuka Kihonda, akaingia jiko la kwanza, akapanda mezani, akasimama kwa miguu miwili mbele ya maganda matatu ya ndizi na kichwa cha nanasi.

"Sikilizeni," akasema. "Sisi ni ukoo wa pua..."

Hakumaliza. Taa iliwashwa. Mama mwenye nyumba alikuwa na ufagio mkononi, na mama yule hakuwa na muda wa kusikiliza hotuba. Buku aliingia jiko la pili, akatupiwa kandambili. La tatu lilikuwa na paka. Mtu akiwa panya, wapwa zangu, hata aseme la maana vipi, watu wanaona mkia tu.

Ndiyo maana nawaeleza mimi.

"Sasa tufanye nini, Mjomba?"

Leo leo, kabla ya giza, leteni ndoo mbili. Moja ya vitu vinavyooza. Ya pili ya vilivyobaki. Maganda, mabaki ya chakula, majani ya mboga, majani ya chai, hivyo kwenye ya kwanza. Chupa, nailoni, nepi na betri kwenye ya pili, hiyo ndiyo itakayongoja gari. Mkitenganisha siku moja tu mtashangaa. Ile ya pili itakuwa nyepesi, haitanuka, wala inzi hawataizonga.

Ndoo ya kwanza tunaimwaga nyuma ya nyumba. Tunachagua mahali penye kivuli, mbali na kisima, pasipotuama maji. Chini tunatandaza vijiti ili hewa ipite. Juu yake maganda. Juu ya maganda kitu kikavu, majani makavu au maranda ya seremala. Halafu maganda tena. Halafu kikavu tena. Kila ukiweka kibichi, weka na kikavu. Msisahau hilo, maana vibichi vitupu vinabanana na kutota, na hewa ikikosekana vile vijidudu vya pili vitakaribishwa nyumbani kwetu.

Kila wiki tunageuza. Cha chini kiende juu, cha juu kiende chini. Mkichomeka fimbo katikati ya lundo, mkaiacha kidogo na kuichomoa, mtaikuta ya moto. Lundo zuri linafika nyuzi 50 au 60 ndani. Ni vijidudu vya kwanza hivyo, viko kazini. Chukueni konzi moja mkaminye. Maji yakichuruzika, ongezeni maranda. Pakiwa pakavu kabisa, nyunyizeni maji. Na kama lundo linanuka yai viza, limekosa hewa. Geuzeni siku hiyo hiyo. Pua zenu kwa hapo zinatosha.

Miezi miwili mitatu ikipita mtapata kitu cheusi, chepesi mkononi, chenye harufu ya udongo baada ya mvua. Ganda hulioni tena. Hiyo ni mboji. Tutaitia kwenye mchicha na matembele, na kiroba kimoja nitampelekea shangazi yenu Mkuyuni, akaweke kwenye migomba.

"Mjomba, na mifupa ya samaki?"

Michache si mbaya. Ifukieni katikati kabisa ya lundo, la sivyo paka wa mtaa mzima watahamia kwetu.

"Na ganda la machungwa? Bibi anasema halifai."

Linafaa. Linachelewa tu kuoza, likateni vipande vidogo. Bibi yenu mwambieni kwa adabu, msiseme Mjomba amesema amekosea.

"Na nani atakuwa anageuza?"

Tutapeana zamu. Aliyeuliza taka zinakwenda wapi ataanza Jumamosi hii asubuhi, anayefuata Jumamosi ijayo, na yule wa embe, kwa kuwa bado hawezi kushika sepetu, kazi yake ni kwenda kwa fundi seremala kuomba maranda. Aende na kiroba kitupu, na asalimie kwanza.